Panya wa Chupa D

Ofisini tulimwita Mama Panya, na mara ya kwanza kulisikia jina hilo nilicheka. Sasa sicheki. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika taasisi moja ya utafiti, yeye chini kwenye nyumba ya wanyama, mimi ghorofani nikichapa barua na ripoti za wakubwa, na katika miaka yote hiyo sijaona mtu aliyestahili heshima kubwa akapewa kidogo kama yeye. Ninaandika haya nikiwa na hasira. Asiyependa maneno ya mtu mwenye hasira na aishie hapa, hatutagombana.

Aliajiriwa kuwa mfagizi. Kazi yake ilikuwa korido, vyoo, na maranda machafu ya vizimba vya panya. Panya wenyewe walikuwa chini ya bwana mmoja ambaye aliwanyanyua kwa mkia na kuwaning'iniza, nao wakamlipa alivyostahili, vidole vyake havikuwahi kukosa plasta. Siku moja walimng'ata mpaka akatupa kizimba sakafuni, akatoka na hakurudi. Panya kumi na moja walikuwa wakikimbia chini ya meza. Mfagizi akaweka ufagio pembeni, akapiga magoti, akawaokota mmoja mmoja, kiganja chini ya tumbo, dole gumba likituliza taya kwa chini. Hakuna aliyemfundisha. Wakubwa walipofika walikuta panya wote wamerudi ndani na yeye anafuta sakafu. Tangu siku hiyo panya wakawa wake, ingawa kwenye karatasi za utumishi aliendelea kuitwa mfagizi kwa miaka saba. Hiyo saba niihesabu mara ngapi ndipo mtu aone haya?

Asubuhi akiingia aliwasalimia. "Hamjambo humu?" Kisha anapita mstari kwa mstari akiangalia nani amekaa pembeni, nani manyoya yamesimama, nani hakugusa chakula. Yote yakaingia kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu jeusi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Wasomi wenye digrii mbili tatu walikuja na makoti yao meupe wakitetemeka mbele ya mnyama wa gramu mia mbili, na yeye ndiye aliyewashikia. Wakimaliza wanaandika makala, makala zina majina matano, na la kwake halimo hata kwenye shukrani. Mgeni mmoja alimwuliza kama haoni kinyaa kuishi na panya. Akamjibu, "Panya wangu hujisafisha mara ishirini kwa siku. Mkurugenzi wetu sijui." Mkurugenzi alikuwa amesimama hapo hapo. Ndivyo alivyo, hamumunyi maneno.

Sasa niseme ya mzizi.

Mama yake mzazi, bibi aliyekula chumvi nyingi, aliishi kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Mama Panya, mwendo wa saa mbili kwa basi. Magoti yalimsumbua kwa miaka. Alikuwa na kisufuria kilichovunjika mpini, kazi yake moja tu: kuchemshia mizizi ya mti waliouita mnyooshagoti. Konzi moja ya mizizi, maji, moto mdogo, mpaka rangi iwe ya chai nyepesi. Kikombe kidogo asubuhi kwa siku tatu, kisha wiki nzima asiguse. Ukimwuliza kwa nini wiki nzima, alisema, "Ndivyo tulivyoikuta." Akinywa, uvimbe unapungua, anatembea mpaka kwa jirani na kurudi akisengenya njia nzima.

Mama Panya aliyataja haya wakati wa chai, kwa mapenzi tu, kama mtu anavyomsifu mama yake. Mezani alikuwepo Daktari Koti. Si jina lake, ni sisi tuliompa, kwa sababu alivaa koti jeupe la maabara hata akienda benki, ila mlango wa nyumba ya wanyama hakuupita. Alisema harufu inamwumiza kichwa. Wiki ile ile alikwenda kwa bibi na gari la taasisi. Akarudi na gunia la mizizi. Bibi alimweleza kila kitu, konzi, maji, siku tatu, wiki ya kupumzika. Daktari alikuwa na kalamu mfukoni na haikutoka.

Hakuchemsha kwa maji. Alisaga mizizi, akailoweka kwenye spiriti siku kadhaa, akachuja, akaikausha mpaka ikabaki gundi nyeusi nzito. Mama Panya alipoiona akasema, "Daktari, mama huchemsha kwa maji." Daktari akacheka. "Mama yako si mtafiti."

Nitalieleza jaribio lenyewe kwa lugha yangu ya mchapaji, kwa kuwa nimelichapa mara nyingi mpaka nalijua. Kuna unga unaotokana na mwani. Ukiukoroga na maji ya chumvi na kumchoma panya sindano chini ya wayo wa mguu wa nyuma, wayo unavimba na kuwa mwekundu. Kabla ya sindano hiyo panya ananyweshwa dawa unayotaka kuipima. Kisha kila saa unapima unene wa wayo kwa kalipa, kwa saa sita. Dawa ikifanya kazi, uvimbe unakuwa mdogo kuliko wa panya aliyenyweshwa maji matupu. Panya ishirini na wanne, makundi manne, na chupa nne zenye herufi A, B, C na D. Kilichomo ndani alikijua Daktari peke yake, ili mpimaji asije akapendelea. Moja maji, moja dawa ya hospitali, moja gundi ile kidogo, moja gundi nyingi. Mama Panya alinywesha, akachoma, akapima, na kuandika. Daktari alikuwa ghorofani akisubiri namba.

Ilikuwa Jumatatu. Panya wa chupa D walivimba kidogo sana, kidogo kuliko hata wale wa dawa ya hospitali tuliyokuja kujua baadaye kuwa ni chupa B. Saa ya sita tangu sindano, Daktari alipoletewa namba alipiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika kwenye karatasi zangu. Mama Panya, alipoambiwa kuwa D ndiyo gundi nyingi, naye alifurahi. Mti wa mama yake!

Kwa sheria, saa ya sita ikifika, jaribio limekwisha, na panya wanatakiwa kuuawa kwa utaratibu na kuchomwa. Lakini tanuri letu la kuchomea mizoga linakula mafuta, na taasisi iliamua zamani liwashwe Ijumaa tu. Kuweka mizoga siku nne bila friji hakuwezekani, na friji ilikuwa mbovu tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Kwa hiyo sisi, na nadhani ni sisi peke yetu duniani, tulikuwa tukiwaacha panya wa Jumatatu waishi mpaka Ijumaa. Ubahili wa mafuta ndio uliotupa siku nne za kuona.

Jumanne panya wa D walikula kidogo. Jumatano hawakula. Alhamisi asubuhi Mama Panya aliingia, akawasalimia, akafika kizimba cha D akasimama. Panya hawa ni weupe wenye masikio ya waridi, mepesi hata mwanga unapita. Masikio ya D yalikuwa manjano. Miguu manjano, mkia manjano. Wawili walikuwa wamekufa. Aliwapasua hao wawili. Maini aliyaona maelfu kwa miaka ile, akajua mara moja kwamba haya hayakuwa maini ya mnyama mzima. Vizimba vingine vitatu, masikio yao waridi kama kawaida.

Alibeba kizimba kile kama kilivyo, akapanda ngazi, akapita mbele yangu bila salamu, akaingia kwa Daktari na kukiweka juu ya meza, juu ya mafaili. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nini hii? Toa uchafu huu!"

"Waangalie masikio, Daktari."

"Nimesema toa."

"Waangalie kwanza. Wa D wote. Wawili wamekufa. Maini yameharibika, nimeyaweka kwenye kopo, ukitaka nikuletee."

Kisha sauti ya Daktari, ile sauti ya upole anayoitumia kwa watu anaowadharau. "Mama, jaribio langu lilikuwa la saa sita. Saa ya sita, walikuwa wagonjwa?"

"Hawakuwa."

"Basi. Baada ya hapo hao ni takataka inayosubiri moto. Mimi sifanyi utafiti wa takataka."

"Fomu mwisho ni saa ya sita, Daktari, lakini mtu akinywa hii haishii saa ya sita."

"Fomu ina kisanduku cha Alhamisi?"

"Haina."

"Sasa utaandika wapi?"

"Kwenye daftari langu," akasema Mama Panya. "Nimeshaandika."

Alitoka na kizimba kwa hasira, maranda yakidondoka kwenye zulia. Damu ilinichemka na mimi. Nikajiambia huyu mwanamume ni mshenzi. Halafu nikaendelea kuchapa. Hilo ndilo nililofanya, na ninaomba mlikumbuke.

Wiki sita baadaye ripoti ikaja mezani kwangu. Namba za uvimbe zilikuwa zile zile, za kweli, michoro mizuri. Ukurasa wa tisa palikuwa na sentensi moja: Hakuna madhara yoyote yaliyoonekana kwa wanyama. Nilipofika hapo vidole vikasita. Mama Panya alikuwa amekuja kuchukua sabuni, akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Dada," akaniambia, "futa hiyo."

"Mwenzangu, siwezi kufuta maneno ya bosi."

"Ni uongo. Wewe si uliwaona? Niliwapitisha hapa hapa puani pako."

"Niliwaona. Lakini mimi nachapa tu."

Aliniangalia kidogo, akachukua sabuni yake akaondoka. Nikachapa sentensi ile, na chini ya ukurasa wa mwisho nikaweka herufi zangu mbili ndogo. Ni desturi ya ofisi yetu tangu enzi za taipureta: herufi kubwa za mwenye maneno, alama ya mkwaju, kisha herufi ndogo za mchapaji, ili kukiwa na kosa ijulikane nani wa kulaumiwa. Ninaziweka bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo.

Mama Panya alikwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akamwambia aache kuchokonoa mambo ya kitaalamu. Siku ya pili nikapewa barua ya onyo nimchapie: asizungumze kazi za taasisi nje ya taasisi, kwa yeyote, la sivyo kazi hana. Nikaichapa. Aliisaini mbele yangu. Mumewe alikuwa amekufa zamani, ana watoto wawili chuoni, na kazi ndiyo hiyo moja. Nani angemshauri asisaini? Si mimi.

Baadaye Daktari akaona daftari lile halipaswi kubaki. Na hapa ndipo utaona faida ya mtu kutokujua jengo lake mwenyewe. Aliagiza aletewe ghorofani, akalifunga kwenye bahasha, akaandika juu "Lichomwe Ijumaa", akampa mhudumu alipeleke kwa anayewasha tanuri. Anayewasha tanuri ni Mama Panya! Ni yeye tangu mwaka wake wa pili, Ijumaa zote. Alipofungua bahasha na kukuta daftari lake mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, ndivyo alivyonisimulia. Akalifungia kwenye mfuko wa plastiki na kulisukuma chini kabisa ya magunia ya chakula cha panya, mahali ambapo Daktari asingefika hata kwa mtutu wa bunduki.

Mwaka na miezi kadhaa ukapita. Dawa ikatoka. Chupa ya kahawia, picha ya goti, na maandishi chini yake: Imepimwa na wataalamu. Daktari alikuwa na hisa katika kampuni iliyoitengeneza, na sikuhitaji kuambiwa, maana barua zake na wao pia nilizichapa. Redioni ikatangazwa asubuhi na jioni. Mama Panya akiisikia dukani alitoka nje. Kwetu sisi hakusema kitu, alikuwa ametia saini.

Kwa mama yake pia hakusema. Nilimwuliza baadaye kwa nini, akaniambia hakuona sababu. Bibi ana kisufuria chake. Bibi ana maji yake, siku zake tatu, wiki yake. Katika watu wote walio chini ya jua, nani angekuwa na haja ndogo zaidi ya kununua mnyooshagoti dukani kuliko yule aliyewaonyesha mti?

Kwa nusu ya mwaka hakwenda kumwona, mtoto wa pili alikuwa na mitihani. Walisalimiana kwa simu. "Magoti vipi, mama?" "Siku hizi mepesi, mwanangu, mpaka mwenyewe nashangaa." Akafurahi. Alipokwenda, ilikuwa mchana, jua kali, bibi ameketi uani kwenye mkeka na kitenge cheupe begani. Alinyanyua mikono kumpokea binti yake. Mama Panya aliona viganja, kisha akaona macho.

Aliniambia hakuweza kusogea. Alibaki amesimama na kikapu mkononi, na bibi anamwambia, "Mbona umeganda? Njoo basi." Weupe wa macho ulikuwa manjano kama masikio ya Alhamisi ile.

"Mama, unakunywa nini?"

"Nakunywa ya kwenu!" Bibi alisema kwa fahari, akaitoa chini ya mto. Chupa ya kahawia. "Mdogo wako huninunulia. Mimi nilikuwa nahangaika na kisufuria, kumbe nyinyi mmeshaitengeneza vizuri, imepimwa. Nawaambia majirani wote, hii wameipima kwa mwanangu."

"Unapumzika wiki?"

"Kwenye chupa hawakuandika kupumzika."

Kisufuria kilikuwa kimefunikwa juu ya kabati, kina vumbi.

Alilazwa hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda siku ya tano, nikakaa upande wa ukuta, Mama Panya upande wa dirisha. Bibi alikuwa amedhoofu lakini akili ziko kamili. Daktari wa wodi alikuwa ametoka kuuliza maswali yake kuhusu chupa. Bibi akawaza muda mrefu, halafu akamgeukia binti yake.

"Wale panya wako. Waliinywa hii?"

"Waliinywa, mama."

"Ikawaje?"

Mama Panya hakudanganya. Hajui kudanganya, ndiyo taabu yake. "Siku ya nne walikuwa manjano."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Bibi hakupaza sauti. "Na mimi hukuniambia," akasema, akageuza uso ukutani, upande niliokaa mimi, akanitazama bila kunijua. Alikufa baada ya wiki moja. Katika wiki hiyo walizungumza mengine, mama na binti, juu ya nguo, juu ya wajukuu, juu ya nani apewe kisufuria. Lile hawakulirudia. Mama Panya anasema angependa kama mama yake angemtukana.

Daktari Koti alikuja msibani. Alivaa suti nyeusi, mara moja tu bila koti, akampa mkono Mama Panya na kusema "Pole sana, mama, tumepoteza hazina." Uso mkavu. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya waombolezaji, na ninajuta mpaka leo kwamba sikumzaba.

Jumatatu iliyofuata akaniita. Hospitali ilikuwa imeandika kuuliza habari za dawa, na yeye alikuwa na majibu tayari kwa mwandiko wake. Nikasoma: Tunasikitika. Uchunguzi wetu unaonyesha kuwa marehemu alikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kutumia mizizi ya kuchemsha nyumbani, isiyopimwa na isiyo na kipimo, na huenda hiyo ndiyo iliyomletea madhara.

Kisufuria! Alitaka kukibebesha kisufuria lawama. Mwanamke aliyekitumia kutibu magoti miaka thelathini, siku tatu na wiki, akamwonyesha Daktari mti, akamweleza, akampa gunia la mizizi na maji ya kunywa, leo ndiye aliyejiua kwa ujinga wake.

"Ichape, itoke leo," akasema Daktari.

"Sichapi," nikasema.

Alidhani hakusikia. "Unasema?"

"Sichapi, Daktari. Tafuta mwingine, au uchape kwa vidole vyako."

Sitajitia ushujaa hapa, niliogopa. Niliiweka ile karatasi ndani ya pochi yangu, nikashuka ngazi mpaka nyumba ya wanyama, ambayo kwa miaka kumi na tisa niliingia mara mbili au tatu tu. Mama Panya alikuwa anabadilisha maranda, kitambaa cha msiba kichwani. Nikampa asome. Alisoma polepole mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akainama, akasogeza gunia la kwanza, la pili, la tatu, akatoa mfuko wa plastiki.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwa wanaotoa vibali vya dawa. Na wewe lete ile ripoti yako."

Yako, alisema. Niliisikia.

Ofisi yenyewe ilikuwa na viti vya plastiki na feni moja. Aliyetupokea alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mdogo kwetu wote wawili, na mwanzoni nilimwona kama atatuzungusha. Lakini alisoma. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatatu, akafuata kwa kidole, Jumanne, Jumatano, akafika Alhamisi. Mwandiko wa Mama Panya ni mkubwa na wa duara, hauna matata: Chupa D, sita. Wawili wamekufa. Wanne hawali. Masikio manjano, miguu manjano. Maini mabovu. A, B, C wazima. Nimemwonyesha Daktari saa tatu asubuhi, amesema nitoe.

Dada yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwuliza Mama Panya, "Kwa nini hukuleta mapema?"

"Niliogopa kazi," akasema Mama Panya. "Sasa mama yangu amekufa. Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Kisha akaivuta ripoti, akaenda ukurasa wa tisa, akaisoma ile sentensi kwa sauti, neno kwa neno, feni ikizunguka. Akafungua mpaka mwisho, penye saini ya Daktari, na kidole chake kikashuka chini ya saini, pembeni kabisa, penye herufi mbili ndogo.

"Na huyu ni nani?"

Mama Panya hakunigeukia. Alikuwa ameshika mpini wa mkoba wake kwa mikono miwili na anaangalia meza. Tangu siku ya sabuni hajawahi kuniuliza kwa nini nilichapa, si wodini, si msibani tulipokaa mkeka mmoja siku tatu, na nikaelewa kwamba hata hapo hataniuliza.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyechapa."

Dada akaandika jina langu. Halafu akanyanyua macho akauliza neno lile lile, na hakuweza kujua kwamba lilishaulizwa wodini.

"Ulijua?"